Siku Iliyopakwa Chokaa Kwamndolwa

Tume ya ardhi ilikaa Korogwe siku mbili kabla ya siku yake, na wenye ardhi ya Kwamndolwa, walipoitwa wafike mara moja, walikataa kwenda kwa sababu siku ilikuwa bado. Nilikuwapo pande zote mbili: asubuhi mbele ya tume, adhuhuri katika ua wa wenye ardhi, alasiri mbele ya tume tena. Nimeshaacha kazi ya ukarani, na katika kazi hiyo nimeona watu wakifungwa, wakichapwa na wakihamishwa. Lakini siku ninayoikumbuka kuliko zote ni ile.

Haya nayaandika kwa ajili ya makarani vijana walionipokea kazi. Mmoja wao, Yohana, mtu wa Dindira mwenye mwandiko mzuri kuliko wangu, alinijia nilipokuwa nikikabidhi meza. Siku hizi wakubwa ni Waingereza, na Yohana alikuwa ameokota msemo wao mmoja aliotaka kuutia katika barua ya wito. Wakitaka kusema kwamba tarehe haitabadilika, aliniambia, husema imechongwa katika jiwe. Akaniuliza kama utakaa vizuri katika barua.

Nikamwuliza, "Wenyewe umewasikia wakiutumiaje?"

Akafikiri kidogo. "Mara nyingi husema haijachongwa, mzee. Kwamba tarehe yaweza kusogea."

"Basi uandike kama wanavyousema. Ukisogea mbele zaidi ya hapo, unaahidi kitu kisicho chako."

Akacheka, akadhani ni utani wa mtu anayeondoka. Nikamwambia avute kiti.

Kazi niliianzia Handeni, wakati wa Wadachi, yaani Wajerumani. Nilitoka shule ya serikali ya Tanga nikiwa na viatu nilivyovibeba mkononi njia nzima ili visichakae, na nilipofika bomani nikavivaa, vikanibana, nikaripoti kazini nikichechemea. Bwana Shauri, yaani Mdachi aliyehukumu mashauri ya wilaya, alinitazama miguu kwanza, kisha akanielekeza kwa Mwalimu Bakari.

Mwalimu Bakari alikuwa karani wa zamani, mtu wa Pangani, aliyeandika kwa herufi za Kiarabu na kalamu ya mwanzi aliyoichonga mwenyewe. Mimi nilikuwa nimefundishwa herufi za Kizungu, na nilidhani nimeletwa kumfundisha yeye.

"Shikamoo, mwalimu. Nimekuja kuandika."

"Marahaba. Utaandika. Kwanza kaa hapa ufunge mafundo."

Akanitupia kitita cha kamba nyembamba za magome. Ndiyo kazi niliyoifanya siku ile ya kwanza, na viatu nimevivua tena.

Vijana hawazijui kamba hizo, kwa hiyo nitaeleza. Wito wa bomani ulikwenda na vitu viwili. Karatasi ilikuwa ya akida, ambaye alisoma au alikuwa na wa kumsomea. Kamba ilikuwa ya mwenye shauri. Ilifungwa fundo moja kwa kila siku iliyobaki, na mwenye shauri aliitundika penye mlango wake, akawa anafungua fundo moja kila asubuhi. Fundo la mwisho likifunguka, ndiyo siku. Tarishi aliyeibeba alitakiwa afungue fundo kwa kila siku aliyokuwa njiani. Matarishi wengine walipitia penye pombe, wakasahau mafundo, kisha wakayafungua yote kwa mkupuo mlangoni kwa mtu, huku wanamwamkia. Mashauri mengi ya Handeni yaliharibikia hapo, wala si kwa hakimu.

Katika karatasi, Mwalimu Bakari alinifundisha kuandika siku kwa namna tatu: tarehe ya Kizungu, tarehe ya mwezi wa Kiislamu, na gulio lililo karibu nayo. "Mwenye kalenda atazame kalenda," alisema. "Mwenye kufunga Ramadhani atazame mwezi. Asiye na kimoja wala kingine amwulize mkewe gulio ni lini." Nimeandika hivyo maisha yangu yote, hata wakubwa waliponiambia nafuja wino.

Kuna jambo jingine alilonifundisha, nalo ndilo lililonirudia Kwamndolwa. Mimi ni Mzigua, kwetu ni Kwamsisi, lakini nililelewa Tanga kwa mjomba, kwa hiyo desturi za kwetu nilikuja kuzijua kwa mtu wa pwani. Katika mwaka wangu wa kwanza waliitwa watu wawili wa shauri la mpaka wa shamba. Mmoja alifika jana yake, akalala kwa jumbe. Kesho yake mwenzake akaja, akasikia, akageuka na mashahidi wake wote. Bwana Shauri alikasirika. Akataka kumpa ushindi yule aliyewahi, kwa kuwa kwao Udachini kuwahi ni adabu.

Mwalimu Bakari akasimama, jambo asilolifanya mara nyingi, akamweleza. Katika shauri la ardhi, Mzigua hafiki kabla ya siku. Mwenye kufika kabla amekwenda kusema na hakimu faraghani, na neno lake limekwisha kuoza. Watu huja siku moja, kwa mchana mmoja, pande zote zikionana zinavyoingia. Bwana Shauri yule alikuwa msikivu. Shauri likapangiwa siku nyingine na likaisha vizuri. Alihamishwa muda si mrefu, na mbele ya aliyemfuata sikuona karani akisimama kusema.

Reli ilipokwisha kufika Korogwe, nami nikapelekwa huko. Mwalimu Bakari alinipa kisu chake cha kuchongea kalamu, ingawa alijua mimi natumia nibu ya chuma. Ninacho hadi leo. Hukatia ndimu.

Korogwe ya wakati ule ilikuwa stesheni, maduka ya Wahindi, mto, na mkonge ukizidi kuja kila mwaka. Kazi ilikuwa nyingi, na mashauri yake hayakuwa tena ya mbuzi na ugoni. Yalikuwa ya ardhi. Mzungu akiomba kipande, ilitumwa tume kutoka pwani kuuliza kama kina wenyewe. Wenyewe wakija na kuonyesha, walikatiwa sehemu yao. Wasipokuja, iliandikwa kwamba ardhi haina mtu.

Mzungu mmoja wa mkonge akaomba ardhi ya Kwamndolwa, kuanzia relini kushuka mpaka mtoni. Ardhi ile ilikuwa ya ukoo wa Bibi Zaina. Wakati ule Wazigua wengi walifuata upande wa mama, na katika mlango wake mkubwa alikuwa yeye. Makaburi ya mama zake yalikuwa pale, penye miti mitatu ambayo hakuna aliyeikata. Walilima mpunga bondeni na mahindi juu. Nje ya hapo hawakuwa na shamba jingine. Mtu aliyeijua mipaka yote, tangu ilipogawanywa, alikuwa kaka yake, Mzee Mbelwa, aliyekuwa akiishi Kwamsisi, mwendo mrefu kwa mtu mzima mwenye fimbo.

Bwana Shauri wa Korogwe hakutaka baadaye asikie kwamba wenyeji hawakujua. Akaagiza tarehe ya tume ipakwe chokaa juu ya jiwe kubwa lililo kando ya njia ya Kwamndolwa, mahali ambapo hata mchunga mbuzi atapita. Chokaa tulichukua stesheni. Niliipaka mimi, tarakimu zenye urefu wa mkono, na saba nikaikata katikati kwa mstari kama nilivyofundishwa na Wadachi. Chini yake nikachora mwezi na alama ya gulio. Watu wakakusanyika. Bwana Shauri mwenyewe alikuja juu ya punda, maana farasi walikuwa wakifa kwa mbung'o, akawaambia kwa Kiswahili chake, "Siku hii haiondoki."

Bibi Zaina alikuwa mbele. Alikuwa mwembamba, mrefu, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ambo ya bonde. "Na mvua ikiifuta, bwana?"

"Karani ataipaka tena. Siku ni ile ile."

Mpwa wake, Mhina, kijana mcheshi, akadakia kutoka nyuma, "Hata wewe ukifa?"

Watu wakajizuia kucheka, wakamtazama Mdachi. Akacheka yeye kwanza. "Hata nikifa," akasema. Hapo wakacheka wote, na mimi na brashi yangu nikacheka. Nilipeleka kamba Kwamsisi kwa tarishi nisiyemshuku, na nyingine nikampa Bibi Zaina mkononi, nimehesabu mafundo yake mara mbili mbele yake.

Sasa niseme kidogo kuhusu gari la moshi. Enzi za misafara, mkubwa hakuweza kufika kabla ya siku yake. Alicheleweshwa na mito, na homa, na wapagazi waliotoroka, na sisi makarani tulijua kumpangia nafasi ya kuchelewa. Kuwahi hakukuwa katika hesabu zetu. Gari la moshi ndilo lililoleta jambo hilo, na hakuna aliyetuonya.

Asubuhi ile nilikuwa nikikoroga wino. Gari likapiga king'ora, na baada ya muda nikaona Wazungu watatu wakipanda kuja ofisini, na makarai yao ya kuogea, na viti vya kukunja, na mkalimani wao akiwa nyuma. Mkubwa wao alikuwa na uso wa njano wa mtu aliyetoka homani. Mzungu wa mkonge alikuwa nao, amekwisha kunyoa. Nikajua ni tume kabla mtu hajaniambia.

Bwana Shauri akaongea nao barazani kwa Kidachi. Kisha akaingia, akasimama mbele ya kalenda ya ukutani akanipa mgongo.

"Watakaa leo," akasema. "Wana meli Tanga. Nenda Kwamndolwa ukawaite."

"Bwana, siku iko juu ya jiwe."

"Naijua iliko."

"Shahidi wao yuko njiani kutoka Kwamsisi. Hawezi kuwa amefika."

"Basi waje waliopo," akasema, bado ananipa mgongo. "Kimbia."

Nilikimbia, nusu ya njia. Jiwe nililipita ubavuni, jeupe, na tarakimu zangu juu yake, nikageuza uso kama mtu anayemkwepa mdai.

Uani kwa Bibi Zaina walikuwa wanapepeta mpunga. Mhina alikuwa anatengeneza kiti, kwa sababu siku ya tume walikusudia kumbeba bibi akae, asisimame mbele ya Wazungu kama mfungwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umeloa? Mto umepanda?"

"Tume imekuja, bibi. Imekaa sasa hivi. Mnaitwa mje leo, saa hii hii."

Nyungo zote zikatulia. Akanitazama, kisha akatazama mlangoni. Kamba ilikuwa imetundikwa kwenye mhimili. Akaniashiria nisogee.

"Hesabu."

"Bibi, najua..."

"Hesabu wewe, uliyeifunga."

Yalibaki mafundo mawili. Nikasema mawili.

"Haya. Na jiwe umelipita?"

"Nimelipita."

"Limebadilika?"

"Halijabadilika."

"Basi wewe ndiye uliyebadilika," akasema. Hakukuwa na hasira katika sauti yake, alikuwa akitafuta jibu kweli. "Siku ile ulikuja na Mdachi, watu wote wanaona, ukaandika. Leo umekuja peke yako, mbio, unataka tulipe jiwe mgongo tukufuate. Niwaamini makarani wawili, au mmoja? Na kama ni mmoja, yupi?"

"Uniamini mimi wa leo, bibi. Nakuomba. Wale hawafuati kamba."

"Basi kamba mliileta ya nini?"

Nikaiachia kamba ikaning'inia.

Mhina akaweka kiti chini. "Bibi, mimi naona twende. Twende hata tukaketi tu."

"Uende kabla ya siku? Ukalale kwa jumbe kabisa, umpelekee na kuku!" Wanawake wengine wakaguna kumuunga mkono. "Na nani aseme mipaka? Wewe? Wewe umezaliwa mipaka imeshazeeka. Mbelwa yuko njiani. Akifika akikuta tumekwisha kusema bila yeye, atasema tumeuza."

"Mzungu wa mkonge yuko pale, bibi," nikasema. "Amekuja nao."

Nilidhani neno hilo litamwinua. Lilimfanya akae. Uso wake ukatulia kabisa, kama mtu aliyeelezwa jambo alilokuwa akilishuku.

"Amekuja nao," akarudia. "Kabla ya siku. Basi shauri lake limeoza yeye, si sisi. Mhina, nenda na karani. Ukawaambie kwa adabu: siku bado. Sisi tutafika siku yake, wote, na Mbelwa. Usiongeze neno."

Njiani Mhina akaniuliza, "Bwana Shauri si alisema hata akifa?" Nikasema alisema. "Mbona hajafa?" Hakuwa anafanya mzaha.

Tulipofika, tume ilikuwa barazani, meza imejaa ramani. Mkalimani akamwuliza Mhina kama yeye ndiye mwenye ardhi. Mhina akavua kofia. Akasema maneno aliyotumwa, bila kuongeza, bila kupunguza: siku bado, wenyewe watakuja siku yake.

Mkalimani akayageuza kwa Kidachi. Mkubwa wa tume akauliza tena, na mkalimani akarudia. Mzungu wa mkonge akasema kitu kifupi, wakacheka, kicheko cha watu wenye haraka. Nikamtazama Bwana Shauri. Ndiye aliyeijua tarehe, na punda wake ndiye aliyesimama kando ya jiwe. Alikuwa akitazama mikono yake.

Nikajisogeza. "Bwana, wenyewe hawajakataa ardhi yao. Wanasema siku waliyopewa..."

"Karani," akasema Bwana Shauri kwa sauti ndogo, "maji kwa wageni."

Nikaenda kuleta maji. Niliporudi walikuwa wameshakunja ramani. Mkalimani, mtu wa Tanga niliyesoma naye shule moja, alinipita mlangoni akanong'ona kilichoamuliwa: wenyeji waliitwa, hawakuwa na la kusema. Nikamwambia walikuwa nalo, lilikuwa njiani linatembea kwa fimbo. Akaniambia gari linaondoka.

Siku yenyewe ilipofika, walikuja. Nilikuwa nimesimama barazani tangu alfajiri, kwa sababu sikuweza kukaa. Waliingia pamoja, kama desturi ilivyo, nguo zao zimefuliwa. Bibi Zaina alibebwa kwenye kile kiti. Mzee Mbelwa alitembea mwenyewe, miguu imefungwa vitambaa, mfukoni ana kamba tupu isiyo na fundo hata moja. Askari alikuwa anafagia baraza. Akaacha kufagia.

Bibi akatazama huku na huku akitafuta Wazungu.

"Tumechelewa?" akaniuliza.

"Hapana, bibi. Mmefika siku yake."

Mzee Mbelwa akadhani labda ni desturi yao kuchelewa. Akaketi chini, akaanza kuitaja mipaka kwa sauti, asije akaisahau: kutoka miti mitatu, kushuka penye kijito kikaukacho, mpaka kwenye jiwe la kunolea. Hakuna aliyemkatiza. Askari alishika ufagio wake, akasikiliza mpaka mwisho.

Bwana Shauri hakutoka ofisini hadi adhuhuri. Alipotoka hakujitetea. Alisema shauri litapelekwa upya pwani, na wataarifiwa siku nyingine. Bibi Zaina akaniambia, "Iandike." Nikamwuliza bwana niandike siku gani. Akasema, "Andika: watajulishwa." Hiyo ndiyo barua pekee ya wito niliyoiandika maisha yangu yote ambayo haina siku ndani yake. Kamba ya kwenda nayo sikuweza kuifunga, maana ningefunga mafundo mangapi?

Waliojua kusubiri walisubiri. Mkonge ulipandwa kuanzia relini, ukashuka. Miti mitatu iliachwa, kwa kuwa wakataji walikuwa Wazigua na walikataa kuigusa. Bibi Zaina alikufa mwaka vita vya Wadachi na Waingereza vilipoanza, Bwana Shauri akaondoka na Wadachi wenzake, na Mzee Mbelwa alizikwa Kwamsisi. Mhina ana mvi sasa. Kila wilaya ilipopata mkubwa mpya nilimpelekea jambo hili, na kila mmoja aliniuliza swali lile lile: lilisikilizwa lini? Nikajibu halijasikilizwa. Basi lilifungwa lini? Nikajibu halijafungwa. Mwingereza wa sasa alisema ataliangalia, na hakutaja siku, nami namshukuru kwa hilo.

Yohana alisikiliza mpaka mwisho, kisha akataka kuliona jiwe. Tulikwenda naye wiki iliyopita. Nilikuwa sijapita njia ile tangu vita, na nilimwambia asitarajie kitu, chokaa haiwezi kuvumilia mvua za miaka yote hiyo.

Mkonge umelizunguka jiwe pande tatu. Tarehe ilikuwapo, nyeupe, saba imekatwa katikati, mwezi chini yake, na alama ya gulio. Yohana akaigusa, kidole kikatoka na ungaunga mweupe. Nikamwuliza Mhina, akaapa si yeye. Nikawauliza wanawake wa ukoo, wakasema wao hawajui kuandika. Mnyapara wa shamba la mkonge alisema huifuta kila mwaka kwa amri, na kila mwaka huikuta imerudi.